Kisima safi kwa macho, sumu kwa mwili: Namna vijidudu na salfa vinavyoongoza aseniki

Nchini Bangladesh kuna visima vilivyopakwa rangi nyekundu na vingine vilivyopakwa kijani. Maji yake ni yaleyale kwa macho: maangavu, baridi, bila harufu wala ladha. Tofauti ni kwamba mtu anayekunywa kwenye kisima chekundu kwa miaka mingi anaweza kupata madoa mwilini, viganja na nyayo zenye sugu ngumu, magonjwa ya moyo, na mwishowe saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu. Sumu hiyo inaitwa aseniki.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba aseniki hiyo haikumwagwa na kiwanda chochote. Ilikuwa imelala ndani ya mchanga kwa maelfu ya miaka. Walioifungulia mlango ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Na kinachoweza kuufunga mlango huo, au kuufungua upya, ni salfa, ile ambayo wasomaji wa Biblia wanaifahamu kwa jina la kiberiti.

Kwa nchi kama Kongo, ambako sehemu kubwa ya shaba, zinki na dhahabu imefungamana na salfa ndani ya mwamba, habari hii si ya mbali.

Visima vilivyookoa watoto

Katika miaka ya 1970, watoto wengi wa Bangladesh walikuwa wakifa kwa kuhara na kipindupindu kwa sababu ya kunywa maji ya madimbwi na mito. Serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ilihimiza visima vya bomba vinavyopigwa kwa mkono. Familia nyingi zilichimba vyao kwa pesa zao, na kwa muda mfupi nchi ikawa na mamilioni ya visima. Watu waliepukana na maji machafu ya juu ya ardhi. Lakini maji ya visima hivyo hayakupimwa aseniki.

Dalili za kwanza zilionekana ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la West Bengal nchini India, ambako mwaka 1983 daktari wa ngozi wa Kolkata, K. C. Saha, aligundua kwamba madoa na sugu za wagonjwa wake zilitokana na maji ya kunywa. Nchini Bangladesh kwenyewe, aseniki ilithibitishwa visimani mwaka 1993.

Uchunguzi mkubwa wa mwaka 1998 na 1999, uliofanywa na idara ya maji ya Bangladesh pamoja na taasisi ya jiolojia ya Uingereza, ulipima visima 3,534. Kati ya vile vyenye kina kisichofika mita 150, asilimia 27 vilizidi mikrogramu 50 kwa lita, kiwango kinachoruhusiwa na serikali ya nchi hiyo. Asilimia 46 vilizidi mikrogramu 10 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, OMS.

Mwaka 2000, mtafiti Allan Smith na wenzake waliandika katika jarida la OMS kwamba hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia la umma kulishwa sumu, na kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77 walikuwa hatarini. Baadaye visima vipatavyo milioni 5 vilipimwa kijiji kwa kijiji, na karibu milioni 1.4 vikapakwa nyekundu.

Idadi ya waliokufa ilianza kueleweka polepole. Katika wilaya ya Araihazar, karibu na mji mkuu Dhaka, watafiti waliwafuatilia watu wapatao 12,000 kwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010 yalionyesha kwamba takriban kifo kimoja kati ya vitano kilihusiana na kunywa maji yenye aseniki zaidi ya mikrogramu 10 kwa lita.

Katika wilaya hiyohiyo, visima 6,000 vilipimwa ndani ya eneo la kilomita za mraba 25 tu. Ilionekana kwamba kisima cha familia moja kinaweza kuwa salama huku cha jirani yake, hatua chache pembeni, kikiwa na sumu. Ilibidi kueleza kwa nini ardhi ileile inampa mtu mmoja maji na mwingine maradhi.

Salfa ilishukiwa kwanza

Mshukiwa wa kwanza alikuwa pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kwa rangi ya njano, ambayo mchimbaji mgeni anaweza kuyadhania dhahabu. Pairaiti mara nyingi hubeba aseniki ndani yake. Ikikaa chini ya maji bila hewa, hutulia. Ikiguswa na oksijeni, huoza: salfa yake inageuka kuwa salfeti na tindikali, chuma chake kinageuka kutu, na aseniki inaweza kutoka.

Baadhi ya wataalamu walisema hivyo ndivyo ilivyotokea. Wakulima walivuta maji mengi ya kumwagilia mpunga wakati wa kiangazi, maji ya ardhini yakashuka, hewa ikaingia, pairaiti ikaoza.

Maelezo hayo yalikuwa na kasoro. Kama salfa ndiyo iliyooza, maji yenye aseniki nyingi yangekuwa pia na salfeti nyingi. Vipimo vilionyesha kinyume chake: visima vibaya vilikuwa na salfeti kidogo sana, havikuwa na oksijeni, na vilikuwa na chuma kingi kilichoyeyuka. Mwaka 1998, Ross Nickson na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba chanzo kilikuwa kutu.

Mito ya Ganges na Brahmaputra hushusha mchanga kutoka milima ya Himalaya. Chembe za mchanga huo zimevikwa utando mwembamba wa kutu, na kutu ina tabia ya kunasa aseniki. Utando huo ukidumu, maji yanayopita katikati ya mchanga hubaki salama. Ukiyeyuka, aseniki huachiliwa.

Kupumua mahali pasipo na hewa

Kutu haiyeyuki yenyewe. Hapo ndipo vijidudu vinapoingia.

Binadamu anakula chakula, kisha anavuta oksijeni ili chakula hicho kimpe nguvu. Chini ya ardhi kuna bakteria wanaokula mabaki ya mimea iliyooza, lakini oksijeni hawana. Badala yake wanatumia vitu vingine kupumulia. Baadhi hutumia kutu: wanabadilisha chuma kigumu kuwa chuma kinachoyeyuka, na kila kilichokuwa kimenaswa kwenye kutu kinaachwa bila mshikizi.

Mwaka 2004, kundi la Jonathan Lloyd wa Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza lilionyesha jambo hilo katika labo. Walichukua udongo wa chini ya ardhi kutoka West Bengal, wakawapa bakteria waliomo chakula cha kaboni, wakafunga hewa. Kutu ilianza kuyeyuka na aseniki ikaingia majini. Udongo uliouawa vijidudu vyake haukutoa aseniki hivyo.

Wapo bakteria wanaokwenda mbali zaidi: wanapumua kwa kutumia aseniki yenyewe. Mwaka 1994, Dianne Ahmann na wenzake walitangaza kijidudu cha namna hiyo, kilichotoka kwenye matope ya eneo la mto Aberjona, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Kijidudu hicho kinabadilisha aseniki ya aina moja, ambayo hushikamana vizuri na kutu, kuwa aina ya pili ambayo kwa kawaida hutembea kwa urahisi zaidi majini na ni sumu kali zaidi.

Kwa hiyo tofauti kati ya kisima kizuri na kibaya haitokani tu na kiasi cha aseniki kilichomo ardhini. Inategemea pia kama vijidudu vina chakula, kama kutu bado ipo, na kama salfa ipo au imekwisha.

Salfa kama mlinzi

Aliyewahi kukanyaga matope meusi ya kinamasi anajua harufu ya yai bovu inayopanda. Harufu hiyo ni kazi ya kundi jingine la bakteria, wale wanaopumua kwa kutumia salfeti. Wanachotoa ni salfaidi, na salfaidi ndiyo inayofanya matope kuwa meusi inapokutana na chuma.

Salfaidi hiyo ikiundwa penye chuma, hutengeneza madini mapya ambayo humeza aseniki na kuifungia tena. Wakati mwingine aseniki na salfa hushikana moja kwa moja na kuwa unga wa manjano. Mwaka 1997, Dianne Newman na wenzake walieleza bakteria anayetengeneza unga huo, wakampa jina la Desulfotomaculum auripigmentum, kutokana na jina la Kilatini la madini hayo ya manjano.

Ushahidi ulipatikana pia nje ya labo. Katika hifadhi ya maji ya ardhini ya Mahomet, jimbo la Illinois nchini Marekani, Matthew Kirk na wenzake walilinganisha visima na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Palipokuwa na salfeti, bakteria wake walifanya kazi na aseniki ilikuwa kidogo. Pale salfeti ilipokwisha na vijidudu vya kutengeneza gesi ya methani kushika nafasi, aseniki ilipanda.

Hilo linasaidia kueleza pia visima vyekundu vya Bangladesh, ambavyo maji yake yana salfeti kidogo sana. Kutu inayeyuka, lakini salfaidi ya kuikamata tena aseniki haitoshi.

Mlinzi asiyetegemewa

Hata hivyo, mtu asikimbilie kumwaga salfa kisimani. Salfaidi ikizidi na chuma kikiwa kidogo, salfa hushikana na aseniki katika umbo linaloyeyuka, nayo inabaki inasafiri na maji. Britta Planer-Friedrich wa Chuo Kikuu cha Bayreuth nchini Ujerumani na wenzake walipima maumbo hayo katika chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Baadaye yalipatikana pia katika maji ya mashamba ya mpunga, ambako udongo uliofurika hukosa hewa na vijidudu hufanya kazi kwa bidii. Ndiyo maana wachunguzi wa chakula wanafuatilia mchele na si maji peke yake.

Hatari nyingine ni hewa. Aseniki iliyofungwa ndani ya salfaidi iko salama mradi oksijeni isiifikie. Kaskazini mashariki mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, mwamba wa mchanga una tabaka lenye salfaidi. Visima vilipochimbwa, hewa iliingia na kufikia tabaka hilo, na kisima kimoja kilipimwa kuwa na aseniki mikrogramu 12,000 kwa lita, yaani mara 1,200 ya kiwango cha OMS. Hapa maelezo yale yaliyoshindwa Bangladesh ndiyo yaliyokuwa sahihi.

Barani Afrika, hali kama hiyo ilionekana karibu na mji wa Ouahigouya, kaskazini mwa Burkina Faso. Visima vingi huko vina aseniki kidogo, lakini vile vilivyopita kwenye miamba yenye dhahabu na salfaidi vilikutwa na hadi mikrogramu 1,630 kwa lita, kwa mujibu wa utafiti wa Pauline Smedley na wenzake uliochapishwa mwaka 2007.

Katika kuozesha salfaidi pia vijidudu vina mkono. Bakteria aitwaye Acidithiobacillus ferrooxidans anapata nguvu zake kwa kuozesha chuma na salfa ndani ya tindikali. Mwaka 1970, Philip Singer na Werner Stumm walionyesha kwamba bakteria wa namna hiyo wanaweza kuharakisha hatua muhimu ya uozaji huo hadi mara milioni moja.

Wenye viwanda wanawatumia. Tangu mwaka 1986, mgodi wa Fairview karibu na Barberton, Afrika Kusini, umekuwa ukiweka bakteria ndani ya matangi ili wavunje madini yenye aseniki na kuiachia dhahabu iliyofungwa ndani. Kiwandani, aseniki inayotoka hukamatwa kwa chuma na chokaa. Kwenye rundo la mabaki lililoachwa nje, bakteria walewale wanafanya kazi ileile bila mtu wa kuikamata sumu.

Katanga na kiberiti chake

Wachimbaji wadogo wa Lualaba na Haut-Katanga wanajua kwamba shaba ya juu ni ya kijani. Hiyo ni shaba ambayo hewa na maji vimekwisha kuibadilisha kwa muda mrefu. Ukishuka chini zaidi, unakuta shaba iliyoshikana na salfa. Kadiri migodi inavyozidi kwenda chini, ndivyo salfaidi nyingi zaidi zinavyoletwa juu na kuachwa kwenye hewa na mvua.

Si kila salfaidi ina aseniki nyingi. Shaba ya Kakula, karibu na Kolwezi, inajulikana kwa kuwa na aseniki kidogo sana. Kipushi, umbali wa kilomita zipatazo 30 kutoka Lubumbashi, ni habari nyingine. Madini yake ya zinki na shaba yana tenantaiti, ambayo ni muungano wa shaba, aseniki na salfa. Mgodi huo ulifanya kazi kuanzia mwaka 1924 hadi 1993, na ulianza tena kutoa zinki mwaka 2024. Kwa miaka mingi madini ya Kipushi yalichomwa katika kiwanda cha Lubumbashi, chini ya bomba refu la moshi ambalo kila mkaaji wa mji analijua. Madini ya namna hiyo yakichomwa, sehemu ya aseniki hutoka na moshi na kutua kwenye udongo, na nyingine hubaki kwenye mabaki.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiongozwa na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na viwango vya juu vya metali kadhaa kuliko wanaoishi mbali. Kobalti ndiyo iliyovuta macho ya wengi, lakini aseniki nayo ilikuwemo kwenye orodha hiyo.

Vipimo hivyo havimaanishi kwamba kila kisima cha Lubumbashi au Kipushi kina aseniki. Mtu anaweza kuipata kwa vumbi, kwa mboga au kwa udongo ambao watoto huchezea. Isitoshe, mwamba wa Kipushi umezungukwa na mawe ya jamii ya chokaa, ambayo huua tindikali. Lakini kuua tindikali si kuua aseniki, kwa kuwa inaweza kusafiri hata katika maji yasiyo na ukali wowote.

Hapo ndipo elimu ya salfa na vijidudu inapokuwa jambo la serikali, kampuni na raia. Mabaki ya mgodi yenye salfaidi hulindwa kwa kuyafunika, kwa udongo au kwa maji, ili oksijeni isiyafikie. Lakini mabaki ambayo yamekwisha kuoza, na aseniki yake imeshikwa na kutu, yakifunikwa kwa maji yaliyotuama na takataka zinazooza, bakteria watakosa hewa, watapumua kutu, na aseniki itatoka kama ilivyotoka Bangladesh. Dawa inayoponya rundo moja inaweza kuharibu jingine. Kujua kiasi cha aseniki kilichomo hakutoshi bila kujua imeshikwa na nini.

Majira nayo yana uzito wake. Katanga ina miezi ya mvua na miezi ya ukavu. Hewa huingia ndani ya marundo wakati wa ukavu, kisha mvua huosha kilichooza. Maji yaliyochukuliwa mara moja, mwezi mmoja, hayawezi kusemea mwaka mzima.

Yanayowezekana sasa

Somo la kwanza kutoka Bangladesh ni kupima kila kisima peke yake. Hilo linahusu hasa visima vya kuchimbwa kwa mashine, ambavyo wengi mijini huviita forage, na ambavyo familia na wafanyabiashara wanaendelea kuvichimba pale bomba la Regideso lisipofika. Maji kuwa maangavu si kipimo. Kuyachemsha pia hakusaidii: moto huua vijidudu vya magonjwa, lakini aseniki haiondoki, na maji yanapopungua kwenye sufuria sumu huzidi kukolea.

Vifaa vidogo vya kupimia papo hapo vipo, na vinatosha kutenganisha kisima kibaya sana na kilicho salama, ingawa jibu la uhakika linatoka labo. Kipimo kikifanywa, lita moja ya maji haipaswi kuwa na aseniki zaidi ya mikrogramu 10. Inafaa kupima pamoja na chuma na salfeti, kwa sababu hivyo viwili vinadokeza aseniki inatokea wapi. Chuma kingi na salfeti kidogo huelekeza kwenye kutu inayoyeyuka. Salfeti nyingi huelekeza kwenye salfaidi inayooza.

Pale sumu ilipopatikana Bangladesh, hatua iliyosaidia wengi ilikuwa rahisi: kwenda kuchota kwenye kisima cha kijani cha jirani. Wengine walichimbiwa visima vinavyozidi mita 150, ambavyo kwa sehemu kubwa vilikutwa salama. Kina hicho ni cha mchanga wa Bengal na si kanuni ya kila nchi. Wisconsin ilionyesha kwamba kuchimba kunaweza kupeleka hewa mahali ilipokuwa haifiki. Kwenye mwamba wa Katanga au wa Kivu, mchimbaji anahitaji kujua mwamba anaoutoboa kabla ya kuamua urefu wa bomba.

Ilichukua Bangladesh miaka ipatayo 20, tangu visima vilipoanza kuchimbwa kwa wingi hadi mwaka 1993, kujua kilichomo ndani ya maji yake. Kwa mtu anayechimbiwa forage leo karibu na mgodi, karatasi ya majibu ya labo inapaswa kukabidhiwa pamoja na pampu, kabla bidoni la kwanza halijajazwa, na kipimo kirudiwe mvua zinapoisha.